Farasi jike ana kalenda, straika wetu wa kike hana

KIBITI. Ubishi ulianzia kwenye kijiwe cha kahawa, si mbali na barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara. Hoja ilikuwa moja tu. Straika wa timu ya wanawake, mtoto wa mkoa huu wa Pwani, msimu ujao anafikisha miaka 33. Apewe mkataba mwingine au aachwe?

Kijana mmoja mwenye jezi nyekundu akakata shauri: "Huyo kazeeka. Aende zake akazae." Kijiwe kizima kikacheka.

Mzee mmoja, ambaye ujana wake aliumalizia Oman akihudumia farasi, akaweka kikombe chini. "Mwanangu, unaongea kirahisi. Kule farasi jike akiwa anakimbia vizuri, mwenyewe anakaa na daktari wanapiga hesabu. Akimbie mpaka lini, azae lini. Hawasubiri miguu iishe ndiyo wamwambie kazae. Miguu ikiisha, na mayai yameshachoka."

"Shikamoo mzee," nikajisogeza.

"Marahaba. Kaa hapo mwandishi, uandike jambo la maana leo."

Nimekaa na maneno ya mzee huyo wiki nzima. Nimesoma, nimeuliza, nimepiga hesabu. Na nimefika mahali ambapo itabidi tuseme ukweli hata kama unauma: wenye farasi wa mbio wanaiheshimu saa ya uzazi ya majike wao kuliko klabu nyingi zinavyoiheshimu ya wachezaji wao.

NCHI ISIYO NA FARASI

Kwanza tuelewane. Hapa Kibiti na Rufiji farasi hatuwajui. Sababu ni ndorobo, yule mdudu anayeeneza ugonjwa unaoua farasi kwa muda mfupi.

Wazee wa delta wanaisimulia zaidi meli ya Kijerumani ya Königsberg, iliyozamishwa kwenye mikono ya mto Rufiji Julai 1915. Lakini mwaka uliofuata, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalikuja na askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Farasi na nyumbu walikufa kwa maelfu. Kufika Januari 1917, vita ilipokaribia Rufiji, wengi wa wapanda farasi walikuwa wanatembea kwa miguu kama sisi.

Kwa hiyo ukitaka kuona farasi wa mbio, panda basi hadi Nairobi, nenda uwanja wa Ngong unaosimamiwa na Jockey Club ya Kenya. Ama vuka bahari uende Oman na nchi za Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wamefanya kazi.

Huko utakuta sheria moja ya ajabu. Farasi wa mbio wale wa damu halisi hawaruhusiwi kupandishwa kwa sindano wala kiinitete chao kuhamishiwa kwa jike mwingine. Lazima dume na jike wakutane, na jike abebe mwenyewe. Ujauzito wa farasi ni miezi 11 hivi. Maana yake jike hawezi kuwa bingwa wa mbio na mama kwa wakati mmoja. Lazima achague, au tuseme achaguliwe.

Mfano mzuri ni Winx wa Australia. Huyu alishinda mbio 33 mfululizo. Timu gani yetu imewahi kushinda mechi 33 mfululizo? Aprili 2019 wakamstaafisha akiwa bado anashinda, na umri wake miaka 7 tu. Mtoto wake wa kwanza alikufa mwaka 2020. Lakini kwa sababu aliachwa mapema, nafasi nyingine ilikuwepo. Akazaa binti, na Aprili 2024 binti huyo akauzwa kwenye mnada kwa dola milioni 10 za Australia.

Wangemng'ang'ania akimbie mpaka achoke, je? Hapo ndipo sayansi inapoingia.

TATIZO NI UWANJA AU MPIRA?

Farasi jike anaweza kuishi miaka 25 hata 30. Uwezo wake wa kushika mimba huanza kushuka akifika miaka 15 hivi, na akifika 20 mteremko unakuwa mkali. Hata akishika mimba, nyingi huharibika siku za mwanzoni kabisa, kabla hata mwenyewe hajajua.

Swali lililowasumbua madaktari wa mifugo ni hili: kinachozeeka ni mfuko wa uzazi au ni yai? Kwa lugha yetu, tatizo ni uwanja mbovu au mpira wenyewe hauna upepo?

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Elaine Carnevale na O. J. Ginther, waliandika jibu. Walichukua mayai ya majike vijana, wa miaka 6 hadi 10, na mayai ya majike wa miaka 20 na kuendelea. Yote wakayaweka ndani ya majike vijana. Uwanja ukawa mmoja, mzuri, wenye nyasi za kijani. Kilichobaki tofauti ni mpira.

Matokeo? Mayai ya vijana, 11 kati ya 12 yalitengeneza kiinitete. Mayai ya wazee, 8 kati ya 26. Kwa asilimia ni 92 dhidi ya 31. Hiyo siyo sare ya kubishania kwenye VAR. Ni kipigo.

Hii haina maana kwamba uwanja hauzeeki. Mfuko wa uzazi wa jike mzee nao una matatizo yake, unachelewa kujisafisha na unashika maambukizi kirahisi. Lakini yai ndiyo habari kubwa.

Kwa nini yai linachoka? Kwa sababu yai halitengenezwi upya. Dume anatengeneza mbegu mpya kila siku. Jike huzaliwa na akiba yake yote, na akiba hiyo hukaa inasubiri. Yai linalotoka mwaka wa 20 limesubiri miaka 20.

Ndani ya yai kuna kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi. Zimefungwa mbili mbili kwa protini zilizokaa kama pete, tangu jike akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mtu wa Nyamisati ataelewa haraka: ni kama mtumbwi uliofungwa gatini kwa kamba ileile miaka 20, jua na maji ya chumvi vikiila. Siku ya kufungua, kamba inakatika kabla ya wakati na mtumbwi unakwenda kusikotakiwa. Yai linapojigawa, kromosomu moja inazidi upande huu, moja inapungua upande ule. Kiinitete cha namna hiyo mara nyingi hakifiki mbali.

Halafu kuna mitokondria, vile vijidude ndani ya seli vinavyozalisha nguvu. Navyo vinachoka na umri. Yai linaanza mechi likiwa na pumzi ya dakika 30 wakati mechi ni ya dakika 90.

KUTOKA ZIZINI HADI DIMBANI

Msomaji utauliza, farasi na Twiga Stars wapi na wapi?

Watafiti wanampenda farasi jike kwa sababu kwa jambo hili anafanana na binadamu kuliko panya wa maabara. Kwa kawaida hutoa yai moja kwa mzunguko, kama mwanamke. Anazaa kwa miaka mingi, kisha anashuka polepole, kama mwanamke. Na jaribio lile la kubadilisha mayai lina mwenzake kwa binadamu: mwanamke wa miaka 40 na ushee akipewa yai la binti wa miaka 25, nafasi yake ya kupata mtoto inafuata zaidi umri wa yai.

Takwimu za binadamu ziko wazi. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni moja na mbili. Akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne. Yatakayotoka kwa maisha yake yote ni kama 400 tu, mengine hufa yenyewe kimya kimya. Uwezo wa kushika mimba huanza kupungua taratibu kwenye miaka 32 hivi, na ukifika 37 kasi inaongezeka. Nafasi ya kuzaa mtoto mwenye mtindio wa Down ni kama 1 kwa 1,250 mama akiwa na miaka 25. Akiwa na 40 ni kama 1 kwa 100.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linalowachanganya wanamichezo wengi. Mazoezi hayaizuii saa hiyo. Unaweza kuwa na miaka 36, ukakimbia kilomita 11 kwa mechi, ukawaacha mabinti wa miaka 20 wanahema. Mapafu yako ni ya kijana. Misuli yako ni ya kijana. Mayai yako yana miaka 36.

Na lingine. Wapo wachezaji ambao siku zao za mwezi zinakatika kwa sababu ya mazoezi makali na chakula kidogo. Wengine wanaona ni afadhali, usumbufu umepungua, tena mayai "yamewekwa akiba". Hapana. Mayai yanaendelea kupungua utoke damu au usitoke. Siku zikikatika miezi mitatu, hiyo ni taa nyekundu kwenye dashibodi, mwili unasema hauna mafuta ya kutosha, na mifupa nayo inaanza kuumia. Muone daktari, usiringe.

HESABU YA MIAKA 15

Twiga Stars walicheza fainali za Afrika mwaka 2010. Wakarudi tena kwenye fainali za 2024, zilizochezwa Morocco Julai 2025. Wakafungwa 1-0 na Mali, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, wakafungwa 4-1 na Ghana.

Kati ya hapo imepita miaka 15. Binti aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2010 alikuwa na 35 mwaka 2025. Farasi jike aliyezaliwa mwaka 2010 alikuwa anaingia kwenye mteremko.

Ligi Kuu ya Wanawake imeanza msimu wa 2016/17 tu, na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, wa mkoa huu huu wa Pwani. Yaani kizazi cha kwanza cha wachezaji waliokulia ndani ya ligi ndiyo hao sasa wanagonga 28, 30, 33. Ndiyo kwanza pesa imeanza kuonekana. Simba Queens wamefika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022, JKT Queens nao wamecheza mashindano hayo. Mabinti wetu wanasajiliwa hadi nje ya bara.

Umri mzuri wa kucheza ni kati ya 24 na 30. Umri mzuri wa kuzaa ni huohuo. Dirisha la usajili la klabu na dirisha la usajili la mwili yanafunguliwa na kufungwa karibu pamoja. Klabu ina dirisha kubwa na dirisha dogo kila mwaka. Mwili hauna dirisha dogo.

Mchezaji wa kiume hana mgongano huo. Anaweza kustaafu na 37, akaoa, akazaa watano. Ingawa na yeye asijidanganye sana: mbegu nazo zinazeeka, na katika ugumba wa wanandoa karibu nusu ya kesi mwanamume naye yumo. Kwa hiyo lile neno "tasa" tunalomrushia mwanamke peke yake hapa mtaani, tulikunje tuliweke mfukoni. Na si kila anayekosa mtoto amechelewa. Maambukizi yasiyotibiwa yameziba mirija ya wanawake wengi ambao umri wao haukuwa na tatizo lolote.

KANUNI IPO, MKATABA UKO WAPI?

Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinasema mchezaji mjamzito apewe likizo isiyopungua wiki 14, angalau wiki 8 zikiwa baada ya kujifungua, na alipwe si chini ya theluthi mbili za mshahara. Klabu hairuhusiwi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba. Tena inaruhusiwa kusajili mbadala wake nje ya dirisha, na yeye akirudi anasajiliwa nje ya dirisha. Juni 2024 zikaongezwa haki kwa makocha wa kike, kwa wanaoasili watoto, na kwa mchezaji anayekosa mazoezi kwa matatizo ya hedhi.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 zenye malipo, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. FIFA wiki 14 ni siku 98. Kwa hiyo mchezaji mwenye mkataba wa kulipwa anatakiwa kupata ile iliyo nzuri zaidi.

Hii siyo karatasi tu. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland alipata mimba mwaka 2021 akiwa Lyon ya Ufaransa. Mshahara ukakatwa. Akaenda FIFA, na mwaka 2022 Lyon wakaamriwa wamlipe zaidi ya euro 82,000. Kama klabu kubwa vile ilibanwa, nani mwingine atapona?

Shida yetu ni neno moja: mkataba. Kanuni inamlinda mwenye mkataba wa maandishi wa kulipwa. Ukishuka ngazi za chini, wengi wanacheza kwa posho, nauli na ahadi ya mdomo. Huyo akishika mimba hafukuzwi. Haitwi tu mazoezini. Simu haipokelewi. Msimu unaisha.

Nilizungumza na dada mmoja aliyewahi kucheza ligi, sasa anafundisha mabinti wa mtaani kwao wilayani hapa. Jina akaniomba nisiandike. Aliniambia alisubiri. Kila msimu aliahidiwa mkataba mrefu msimu ujao, akasogeza mambo ya mtoto mbele. Alipofika 36 timu ikamuacha. Mimba mbili zikaharibika.

"Mdogo wangu," akasema, "hakuna aliyeniambia. Nilipimwa goti, nikapimwa moyo, nikapimwa uzito. Habari ya mayai nimeisikia kwa daktari nikiwa nimeshachelewa."

Hakumlaumu mtu. Alisema tu angependa angeambiwa, ili achague mwenyewe.

MSINISOME VIBAYA

Mtu asichukue gazeti hili akamwambie binti yake wa kidato cha pili aache mpira akazae. Tatizo la kwanza la nchi hii bado ni mimba za mapema. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, wale 22 wamewahi kushika mimba. Huku kwetu, hasa vijiji vya delta ambako kwenda sekondari ni safari ya boti, timu ya mpira inaweza kuwa sababu ya binti kubaki shule. Na aliyejifungua, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arudi darasani. Arudi na uwanjani.

Pia mtu asiseme akifika 35 basi kwisha. Wanawake wengi wanazaa wakiwa na 38, na 40. Kinachopungua ni nafasi, na kupungua si kuisha.

Na mtoto si mwisho wa soka. Alex Morgan wa Marekani alijifungua Mei 2020, mwaka uliofuata yuko Olimpiki ya Tokyo. Katrina Gorry wa Australia alipata mtoto mwaka 2021 kwa njia ya kupandikizwa, na Kombe la Dunia la 2023 alikuwa kiungo wa timu iliyofika nusu fainali.

Kuna kugandisha mayai pia. Tenisi ya wanawake tayari inamlinda mchezaji nafasi yake anapokwenda kwenye matibabu hayo. Lakini tusidanganyane. Yai lililogandishwa ukiwa na miaka 30 litabaki la miaka 30, lililogandishwa ukiwa na 39 ni la 39. Barafu inasimamisha saa, hairudishi nyuma. Na gharama zake kwa mchezaji wa posho ni ndoto.

Farasi wa polo wa Argentina wametatua kivyao: jike anaendelea kucheza, kiinitete kinahamishiwa kwa jike mwingine akibebe. Mcheza polo Adolfo Cambiaso alifika mbali zaidi. Fainali ya Palermo ya 2016 alipanda nakala sita za jike wake mmoja, Cuartetera, zilizotengenezwa maabara. Lakini Cuartetera hakuulizwa. Straika wetu ni mtu, anatakiwa aulizwe.

MAMBO MATATU

Mimi nayaona matatu, na hakuna hata moja linalohitaji uwanja mpya.

La kwanza, kila mchezaji wa ligi za wanawake awe na mkataba wa maandishi, wenye kipengele cha uzazi kilichoandikwa kwa Kiswahili anachokielewa. Asiye na mkataba asipewe leseni ya kucheza. TFF wakikaza hapo, klabu zitafuata.

La pili, kwenye vipimo vya kabla ya msimu, pamoja na goti na moyo, daktari au mkunga akae na mchezaji nusu saa. Amweleze mzunguko wake, umri na mayai, uzazi wa mpango, maambukizi. Maongezi hayo yabaki siri ya mchezaji na daktari, yasifike kwa kocha wala katibu. Yakigeuzwa fimbo ya kumnyima mkataba, bora yasiwepo.

La tatu, mikataba ya miaka miwili au mitatu iwe jambo la kawaida. Mwenye msimu mmoja mkononi hawezi kupanga chochote. Ataogopa kuzaa leo na kesho ataachwa.

Nilirudi kijiweni jana kumwambia mzee nimeandika. Yule kijana wa jezi nyekundu alikuwepo. Nikamsomea hesabu ya mayai 11 kati ya 12 na 8 kati ya 26. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Sasa huyo straika, klabu imempa mkataba?"

Bado. Usajili unafungwa wiki ijayo.